Uzi: Unahamia chuo cha Dar? Hesabu krediti zako kwanza, jina la chuo lije baadaye

LejaNyekundu

Wakuu, salaam.

Msimu wa udahili ukikaribia simu yangu haipumziki. Mara mtoto wa mjomba, mara kijana wa jirani, swali ni lile lile: "Dada, nataka kuhama chuo nije Dar, kipi kizuri?" Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka kadhaa. Leo naandika mara moja, mwenye shida asome na mwenye kujua zaidi aongeze.

Mimi mwenyewe nilihama. Nilimaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya uhasibu katika chuo kimoja cha mkoani, nikahamia chuo cha hapa jijini. Vyuo vyote viwili sivitaji, na naomba msinibane PM nivitaje. Shahada ya miaka mitatu niliisoma minne, na katika hiyo minne sikufeli somo hata moja.

Kilichonitoa mkoani ni mama. Alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalala. Nyumbani ni Mbagala Kizuiani, baba anaendesha lori la Tunduma, wadogo zangu wawili walikuwa bado shule ya msingi. Wa kumgeuza mama usiku na kumpeleka mazoezi ya viungo hakuwepo zaidi yangu. Kurudi Dar haikuwa na mjadala. Nilichobakiwa nacho ni kuchagua chuo, na hapo ndipo nilipokosea.

Nilichagua kwa sifa za mtaani. Nikaenda dirisha la udahili, nikaonyesha matokeo yangu, aliyekuwa dirishani akayapitia dakika moja akasema, "Hapa huna shida, unaingia mwaka wa pili moja kwa moja." Nikashukuru. Nikapanda basi kurudi mkoani, nikajitoa chuoni, nikarudisha kitambulisho, nikakabidhi funguo ya hosteli. Yote hayo niliyafanya kwa neno la mdomo.

Wiki ya tatu ya semista mratibu wa kozi akaniita ofisini. Alikuwa na karatasi mbili mezani: orodha yangu ya masomo 12 niliyofaulu, na orodha yao ya mwaka wa kwanza. Akazilaza sambamba, akatia rula chini ya mstari wa kwanza, akasoma kushoto, akasoma kulia, akaweka tiki ndogo ya penseli. Mstari wa pili, tiki. Wa tatu, tiki. Wa nne rula ikasimama. Kwangu imeandikwa Hesabu za Biashara, krediti 7. Kwao ni Hesabu na Takwimu za Biashara, krediti 12. Akauliza, "Kozi autlaini ya somo hili unayo?" Sikuwa nayo. Sikuwa na ya somo lolote. Rula ikashuka mstari unaofuata bila tiki.

Yalipita masomo 7. Matano nikatakiwa kuyasoma upya, na mawili kati ya hayo nilikuwa nimeyasoma mada kwa mada, hata kitabu cha kiada ni kile kile. Nilidhani nitayabeba pamoja na ya mwaka wa pili. Ratiba ikakataa: somo la mwaka wa kwanza linaanguka Jumanne saa mbili asubuhi, na la mwaka wa pili saa hiyo hiyo, jengo jingine. Ukikosa somo ambalo ni sharti la somo linalofuata, na lile linalofuata nalo linasubiri mwakani. Hivyo ndivyo mwaka mzima ulivyoondoka.

Kwa wasiojua krediti ni nini: kwenye mfumo wa vyuo vikuu vyetu krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha kipindi cha darasani, mazoezi na kujisomea. Mwaka mmoja ni krediti 120, shahada ya miaka mitatu ni 360. Somo la krediti 12 linahesabiwa saa 120, la krediti 7 saa 70. Mratibu akiona pengo la saa 50 haliwezi kuzibwa na huruma yake, hata kama amekuelewa. Anahitaji karatasi ya kupeleka kwenye kamati ya idara, na karatasi hiyo ni autlaini: mada zilizofundishwa, saa, namna ya upimaji, vitabu.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetaka kuhama, kabla hujauliza chuo kipi kizuri, nenda idara yako ya sasa uombe autlaini za masomo yote uliyofaulu, zikiwa na mhuri. Fanya hivyo ukiwa bado mwanafunzi wao, unaingia ofisini kwa miguu yako na sekretari anakujua kwa jina. Ukishaondoka unakuwa mtu wa kupiga simu isiyopokelewa. Mimi zangu nilizipata kwa rafiki aliyezunguka nazo wiki mbili akanitumia kwa basi. Bahasha niliichukua Ubungo kamati ikiwa imeshakaa.

Halafu ukija Dar pita dirisha la udahili ujitambulishe, ila usiishie pale. Nenda idarani, kwa mratibu wa kozi unayoitaka, na umwombe apitie masomo yako yote kabla hujajitoa kokote. Muulize mambo mawili. La kwanza, masomo mangapi yatapokelewa, na jibu liwe kwenye barua. La pili, ambalo wengi hatulijui, ni kama alama zako za zamani zitaingia kwenye GPA mpya, yaani wastani wako wa alama, au utaandikiwa tu kwamba somo limesamehewa. Daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili la juu linaanzia 3.5. Kama ulivuna A nyingi mwaka wa kwanza na chuo kipya hakizihesabu, unaanza kuijenga GPA kwa masomo ya mwaka wa pili na wa tatu peke yake, ambayo ndiyo magumu. Aliyekuwa na C nyingi kwake hilo ni nafuu. Kila mtu apige hesabu yake.

Mwisho wa haya, kagua kama kozi yenyewe ina ithibati. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, inaweka hadharani vyuo na programu inazozitambua. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi moja ndani yake ikawa bado. Na kama kozi yako ina bodi ya taaluma, waulize bodi wenyewe. Sisi wa uhasibu tuna NBAA, wahandisi wana ERB, wa ununuzi na ugavi wana PSPTB. Kwetu shahada uliyosoma ndiyo inaamua unaanzia ngazi gani ya mitihani ya CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, na mitihani ile ni ada na miaka.

Nawasilisha.

---

mgeni_wa_jiji

Pole sana dada kwa ya mama, na asante kwa uzi. Mimi namalizia mwaka wa kwanza wa ununuzi na ugavi, niko mkoani, nataka kuhamia Dar kwa sababu za kifamilia zinazofanana na zako. Nina mkopo wa Bodi ya Mikopo, ada kwa sehemu na bumu (fedha ya kujikimu) lote. Nikihama mkopo utanifuata? Na dirisha la uhamisho la TCU linanihusu?

---

LejaNyekundu

Mdogo wangu, karibu.

Nianze na dirisha. Zile siku za uhamisho unazoziona kwenye kalenda ya udahili ya TCU zinawahusu zaidi waliochaguliwa mwaka huu, ambao wanataka kubadili chuo au kozi kabla masomo hayajakolea. Wao wanaangaliwa sifa za kidato cha sita au diploma, na kama kozi wanayoitaka bado ina nafasi. Wewe ambaye tayari una matokeo ya mwaka mzima unahamia na krediti. Chuo kinachokupokea ndicho kinachoyapima masomo yako, kisha taarifa zako zinafika TCU. Usiruke hatua hiyo ya TCU hata mtu akikwambia wewe anza tu kusoma. Kama jina lako kwao bado linasomeka chuo cha zamani, utahangaika mwisho wa safari.

Mkopo ni wako, ila unalipwa kupitia chuo. Ada Bodi inaipeleka chuoni moja kwa moja, na bumu huingii kwenye malipo mpaka chuo kithibitishe wewe ni mwanafunzi wao na umesaini. Kwa hiyo nenda kwa afisa mikopo wa chuo unachotoka, umwambie unahama, na umwone wa chuo unachokwenda wiki ile ile. Wote wawili. Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo inayokutambulisha TCU na Bodi, hakikisha imeandikwa sawasawa kwenye kila fomu, mwaka wa kumaliza usisahaulike.

Jambo jingine ni ada. Kama unakokwenda ada ni kubwa kuliko unakotoka, pengo lile lihesabu ni la kwako na wazazi wako. Usipange maisha kwa kutumaini Bodi itaongeza kwa sababu umehama.

Na weka akiba ya miezi miwili. Bumu ni 10,000 kwa siku kwenye karatasi, lakini mhamiaji jina lake huwa linachelewa kwenye orodha ya kusaini. Mimi semista ya kwanza nilisaini wenzangu wakiwa wamekwisha kuzila zao. Nilikuwa naondoka Kizuiani na chapati mbili za nyumbani kwenye begi, moja ya saa nne, moja ya saa nane.

---

kijana_wa_msewe

Uzi umeenda shule huu. Naongeza suala la unaishi wapi, maana watu wanachagua chuo kwa ramani ya kwenye simu na Dar siyo ya kwenye ramani.

Mimi nimesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimepanga Msewe miaka mitatu. Ukikosa hosteli za ndani au za Mabibo, geto lako litakuwa Msewe, Changanyikeni, Makongo au Survey, na mwenye nyumba atataka kodi ya miezi mitatu kwa uchache, wengine sita. Hiyo fedha ukiwa mhamiaji unaitoa kabla hujaona bumu.

Ukichagua vyuo vya katikati ya jiji kama IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha) au CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara) na nyumbani ni Kimara, una mwendokasi mpaka Kivukoni, ni raha. Ila masika ikija, bonde la Jangwani likijaa maji barabara inafungwa, na mtihani haukusubiri. Wanaokwenda Chuo cha Mwalimu Nyerere Kigamboni wana pantoni ya nauli ya shilingi 200, na foleni yake asubuhi ni ya kuiwahi. Ukikaa Kigamboni kwenyewe unaepuka yote hayo. Kusoma Gongo la Mboto nako ni mbali kwa anayetoka Tegeta, asidanganywe na mtu.

Mwenye mgonjwa nyumbani aanze na hili, mengine yafuate.

---

LejaNyekundu

Kaka asante, hili nilipaswa kuliandika mimi. Safari ya Mbagala kwenda na kurudi ilikuwa inanila saa nne siku za mvua. Saa za barabarani za kila siku ni zaidi ya somo zima la semista ukizijumlisha. Fizio wa mama alikuwa anakuja saa kumi na mbili jioni, na mara nyingi nilimkuta anaondoka.

---

BabaWawili

Habari zenu vijana. Mimi ni mzazi. Kijana wangu ameondolewa chuo mwaka wa pili kwa matokeo, mnaita kudisko. Kuna mtu amemwambia kwa laki tano atamhamishia chuo kingine cha hapa Dar aendelee mwaka wa pili. Naomba ushauri kabla sijatuma.

---

LejaNyekundu

Shikamoo mzee wangu. Tafadhali usitume hata shilingi.

Aliyedisko hahamishwi kuendelea alipoishia. Kuhama ni kwa mwanafunzi ambaye bado ana hadhi ya uanafunzi na amefaulu anayotaka kuhamisha. Kijana wetu njia yake ni kuomba udahili upya kama mwombaji mwingine yeyote, kwa vyeti vyake vya kidato cha sita, na aseme ukweli kwamba aliwahi kusoma. Malipo halali ya chuo yanalipwa kwa kontroo namba au akaunti ya chuo na risiti unaiona. Anayetaka fedha kwenye namba yake ya simu ni tapeli, hata kama anajua majina ya wakuu wa idara wote.

Naomba nikuulize kwa heshima, baba: kijana alifeli nini? Kama ni hesabu peke yake, pengine kozi ndiyo haikumfaa na chuo hakina kosa. Kwa alama zake za kidato cha sita anaweza kuingia kozi nyingine kabisa. Shahada nyingi zinataka principal pasi mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4.0, kwa hesabu ya A 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Na diploma nazo zipo. Mwacheni apumzike kwanza, wanaodisko wanaumia sana ndani kwa ndani.

---

BabaWawili

Marahaba binti. Sikutuma. Hajala vizuri wiki ya pili sasa, mama yake ndiye anakaa naye. Nitamuuliza hilo la kozi taratibu, maana kwa kweli aliichagua kwa sababu yangu.

---

mkongwe_wa_posta

Napingana na mleta uzi kwenye jina la chuo. Niko kwenye kuajiri miaka mingi. Wasifu ukija mezani, chuo kinaonekana kabla ya krediti. Mwaka mmoja zaidi kwenye chuo chenye jina si hasara.

---

LejaNyekundu

Mkuu, naheshimu uzoefu wako, na kwa anayelipiwa na mzazi mwenye uwezo huenda iko hivyo.

Lakini mwaka mmoja wa ziada niliulipa mimi, naujua kwa bei. Ada nzima kwa mara ya nne. Ada ya Tume 20,000. Bima ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa 50,400. Nauli ya miezi kumi. Mkopo ulipangwa kwa miaka mitatu, mwaka wa nne baba aliongeza safari za Tunduma, akawa anafika nyumbani anabadilisha nguo anaondoka. Wadogo zangu hawakumwona mwaka ule. Na ulipofika usaili wa kazi yangu ya kwanza, mwajiri aliniuliza kwa nini miaka minne. Nilieleza, akaniamini. Wangapi wanaulizwa na hawapati nafasi ya kueleza?

Sisemi jina halina kazi. Nasema vyuo viwili vikikupokea, kimoja na masomo 12 na kingine na 7, na bodi ya taaluma inavitambua vyote viwili, nenda kwenye 12. Dar ina vyuo vya kutosha vya kukuwezesha kulinganisha. Uhasibu peke yake unafundishwa Mlimani, IFM, TIA (Taasisi ya Uhasibu), CBE na kwingine. Ugavi upo TIA, CBE, na Chuo cha Usafirishaji pale Mabibo. Tembea kote huko na bahasha yako ya autlaini. Siku mbili zinatosha.

Na yupo ambaye kuhama si jibu lake kabisa. Kama shida ni ya muda, mgonjwa wa miezi sita, omba kuahirisha masomo ulipo, nafasi yako inabaki. Kama shida ni ya kudumu, Chuo Kikuu Huria kiko Kinondoni na kimeanzishwa 1992 kwa ajili ya watu wa aina hiyo hiyo, wanaosoma wakiwa na majukumu. Mimi sikuambiwa hata moja kati ya hayo mawili. Kuahirisha kungenifaa, maana mama alianza kutembea na fimbo mwezi wa tisa wa ugonjwa.

---

mgeni_wa_jiji

Dada nimerudi na mrejesho. Nimefanya kama ulivyosema. Autlaini zote 11 nimezipata kwa mhuri, sekretari alinisumbua siku tatu lakini nimezipata. Juzi nimefika Dar, nimelala kwa shangazi Tandika, jana na leo nimezunguka vyuo vitatu.

Cha kwanza hawakutaka hata kufungua bahasha, wakasema nianze mwaka wa kwanza. Cha pili wamepokea 8. Cha tatu mratibu amekaa na mimi kama saa nzima, amekubali 10. Lililobaki ni Stadi za Mawasiliano, kwao ni krediti nyingi zaidi, na amenionyesha kwenye ratiba kwamba halijagongana na la mwaka wa pili. Barua amesema nifuate Alhamisi baada ya mkuu wa idara kusaini. Alama zangu zitaingia kwenye GPA.

Hiki cha tatu ndicho sikuwa nakifikiria kabisa. Nikajitoe kule sasa?

---

LejaNyekundu

Hongera mdogo wangu, umenifurahisha kuliko unavyojua.

Usijitoe leo. Subiri Alhamisi, shika barua mkononi, soma kama masomo yote 10 yametajwa kwa jina na namba zake za somo (course code), na kama sentensi ya GPA imo. Ikiwa haimo rudi mlangoni kwa mratibu siku hiyo hiyo umwombe aiongeze. Toa nakala mbili stationari ya nje, moja ya afisa mikopo wa kule, moja ya huku. Ile halisi mwachie shangazi Tandika, usisafiri nayo.

Ijumaa ndiyo upande basi.